Usalama wa Waendao kwa Miguu na Waendesha Baiskeli Katika Barabara ya Kilifi na Malindi

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi, iliyoitwa B8 kwa miaka mingi na sasa A7, ina urefu wa kilomita zipatazo 120, na sehemu yake kubwa imo ndani ya Kaunti ya Kilifi. Inaingia kaunti hiyo Mtwapa, inapita Majengo, Kikambala na Vipingo penye mashamba ya mkonge, inavuka mkono wa bahari kwa daraja lililo kati ya Mnarani na mji wa Kilifi, kisha inaendelea Kibaoni, Mtondia, Tezo, Ngerenya, Matsangoni na Gede hadi Malindi. Kwa dereva wa basi la Lamu, hiyo ni safari ya masafa. Kwa mkazi wa Tezo au Matsangoni ndiyo njia ya dukani, shuleni, msikitini, kanisani na shambani, kwa kuwa nyumba zimejipanga pande zote mbili na mara nyingi kisima kiko ng'ambo.

Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, magari yalivushwa kwa feri na kufika Kilifi kwa mafungu. Baina ya fungu na fungu barabara ilitulia. Siku hizi hakuna kutulia. Malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni, malori ya saruji na mawe ya matumbawe, mabasi, matatu, Probox za abiria, tuktuk na bodaboda hupita mchana kutwa, na mengine usiku kucha. Nchini Kenya kwa jumla zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na zaidi ya theluthi yao ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hawa hawana mkanda, hawana bodi ya gari ya kuwakinga, na wengi wao hufia karibu na kwao, mahali wanapopajua vizuri.

Jambo la kwanza la kueleweka ni mwendo wa magari. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Nje ya hapo magari ya abiria na malori hayaruhusiwi kupita 80, na magari madogo ya binafsi huruhusiwa zaidi ya hapo. Gari linalokwenda 80 hukata mita 22 kwa sekunde moja. Barabara ya safu mbili ina upana wa mita kama 7, na mtu mzima mwenye afya huhitaji sekunde 6 hivi kuivuka kwa hatua za kawaida. Katika sekunde hizo 6 gari hilo limekwisha kusogea zaidi ya mita 130. Mzee, mjamzito, au mama aliyebeba ndoo kichwani na kumshika mtoto mkono huhitaji sekunde 9 au 10, yaani nafasi ya mita zaidi ya 200.

Mita hazionekani kwa macho, lakini nguzo za umeme zinaonekana. Kwa kawaida nguzo moja hadi nyingine ni mita kama 50. Mtu mwenye afya avuke tu ikiwa gari lililo karibu liko mbali zaidi ya nguzo tatu, na mwenye mzigo au mtoto asubiri nguzo tano. Hiki ni kipimo cha barabara iliyonyooka, mchana, na kwa gari linalofuata sheria. Kwenye kona, kwenye mlima, au mahali ambapo madereva huachia mwendo, kama pale barabara inapopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kipimo hicho hakitoshi.

Dereva naye hawezi kusimama papo hapo. Akiwa katika mwendo wa 50 na lami ni kavu, tangu aone mtu hadi gari lisimame zinapita mita kama 28, na nusu ya hizo hupotea kabla mguu haujagusa breki. Katika mwendo wa 80 ni karibu mita 60, na mvua ikinyesha, au tairi likiwa limekwisha, ni zaidi. Nguvu ya pigo hupanda upesi kuliko mwendo wenyewe: wengi wanaogongwa na gari la kilomita 30 kwa saa hupona, hatari ya kufa huongezeka mara kadhaa gari linapofika 50, na wanaogongwa na gari la 80 ni wachache mno wanaobaki hai. Ndiyo maana tuta lililo mbele ya shule lina faida kuliko mabango kumi.

Penye njia ya waendao kwa miguu, hiyo ndiyo ya kutumiwa hata kama ina mchanga na vibanda vya wauza nazi vimeizuia hapa na pale. Pasipo na njia hiyo, kanuni ni kutembea upande wa kulia, uso ukitazamana na magari yanayokuja. Kwa kuwa magari ya Kenya huenda kushoto, anayetembea kushoto ana magari mgongoni, na gari linalotoka lami kidogo kumkwepa mwingine humkuta hana habari. Anayetembea kulia huliona na hupata nafasi ya kuruka kando. Watu wanaotembea pamoja, mathalani wafanyakazi wanaotoka shambani au watu wanaotoka mazikoni, wapange safu ya mmoja nyuma ya mwingine. Kutembea watatu sambamba huku mazungumzo yamekolea ni desturi nzuri ya njia za ndani za vijijini, si ya ukingo wa A7.

Upande wa kulia una kasoro yake. Gari linapolipita jingine, dereva hutazama mbele yake na magari yanayomjia, hatazami kando. Mtu anayetembea na kusikia gari la nyuma likikazana asidhani kwamba yuko salama kwa kuwa mbele yake hakuna gari. Huenda hilo la nyuma linahamia upande wake. Kwa sababu hiyo vizibo vya masikioni vya simu havifai kabisa kando ya barabara hii, kwani sikio ndilo jicho la nyuma la mtembeaji.

Kuvuka ndiko kunakoua zaidi, na kunataka maelezo marefu.

Mahali pa kuvukia pachaguliwe kabla ya kufika ukingoni. Pazuri ni penye kivuko cha milia, penye tuta, au penye mnyooko wa barabara ambapo mtu huona mbali pande zote na yeye huonekana. Pabaya ni kwenye kona, juu ya mlima, nyuma ya lori lililoegeshwa, na penye kichaka kilichofika ukingoni baada ya mvua za masika. Mtu asimame nje ya lami, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, maana gari la kwanza kumfikia hutoka kulia. Avuke kwa mstari ulionyooka. Kuvuka kimshazari hurefusha safari iliyo juu ya lami na humfanya mtu ageuzie mgongo upande mmoja wa magari. Asikimbie pia: anayekimbia huteleza, huangusha mzigo, na kandambili humkatika katikati ya njia.

Kwenye kivuko cha milia sheria inampa haki mwenda kwa miguu, lakini haki hiyo haisimamishi gari ambalo dereva wake hajamwona. Ajali nyingi za vivukoni hutokea kwa wema. Dereva mmoja anasimama, anapunga mkono, mtu anaanza kuvuka kwa shukrani, na bodaboda au matatu iliyo nyuma, isiyojua kwa nini mwenzake amesimama, inapita pembeni kwa kasi. Anayepishwa namna hiyo avuke hadi usawa wa ubavu wa gari lililosimama, asimame, achungulie, ndipo amalizie. Dereva mwenye haraka atapiga honi. Na apige.

Matatu inapoteremsha abiria ni mtego mwingine. Anayeshuka Majengo au Kibaoni na nyumba yake iko ng'ambo hushawishika kupita mbele ya gari alilotoka. Akifika ubavuni mwake haoni kinachokuja, wala yeye haonekani kwa kinachomjia. Apitie wapi basi? Jibu linalosalimisha ni kutopita popote kwa wakati huo: asubiri matatu iondoke, barabara ifunguke, ndipo avuke. Ni kusubiri kwa nusu dakika. Watoto ndio wanaofaa kufundishwa hili kuliko wote, kwa kuwa mtoto akimwona mama yake ng'ambo haoni kingine.

Sehemu ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na msaada wa Umoja wa Ulaya, ili iwe na njia mbili zilizotenganishwa kwa kisiwa cha katikati. Upanuzi huo unabadilisha namna ya kuvuka, na waliozoea barabara ya zamani hujikuta wakitazama upande usiofaa. Katika nusu ya kwanza magari yote hutoka kulia. Mtu akishafika kwenye kisiwa, nusu ya pili magari hutoka kushoto. Safari moja imekuwa mbili, na kila moja isubiriwe peke yake: mtu asimame kisiwani, ageuze uso, aanze upya. Aidha kila nusu ina safu mbili, basi gari la safu ya karibu huficha lile la safu ya mbali. Juu ya yote hayo, bodaboda wanaoona uvivu wa kuzunguka hadi penye pengo hupita kinyume, kwa hiyo macho hayaachi kutazama pande zote mbili hata mahali ambapo sheria inasema magari ni ya upande mmoja. Penye ujenzi, ambapo magari huhamishwa upande huu leo na upande ule kesho, mazoea ya jana hayasaidii kitu.

Usiku unadai kanuni zake. Pwani jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza huingia haraka, katika muda usiozidi nusu saa. Wakati huohuo ndipo wafanyakazi wanatoka kazini, wanafunzi wanatoka Chuo Kikuu cha Pwani, na katika Ramadhani madereva wanakimbilia futari. Baadaye watu wanatoka tarawehe kwa makundi. Nje ya miji taa za barabarani ni chache au hazipo.

Mtu aliye gizani huiona taa ya gari kutoka mbali sana, na kwa hiyo hudhani kwamba dereva naye amemwona. Sivyo. Kwa taa za chini dereva humtambua mtu mwenye nguo nyeusi akiwa amebakiza mita chache kuliko zile anazohitaji kusimama, na gari jingine likimjia na taa kali haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Hapo nguo huamua. Kanzu nyeupe huonekana mapema. Buibui jeusi halionekani hadi gari likaribie mno. Si lazima mtu abadili vazi lake: leso ya rangi ya kung'aa ikitupwa begani, mkoba mweupe, au kipande cha utepe wa riflekta kilichoshonwa kwenye mkoba wa shule hutosha kumpa dereva kitu cha kushika kwa jicho. Tochi ya simu ni nzuri ikielekezwa chini, mbele ya miguu, ambapo mwendo wake wa kuyumbayumba huonekana. Ikielekezwa machoni mwa dereva humpofusha.

Kuna udanganyifu wa taa pia. Pikipiki yenye taa moja huonekana iko mbali kuliko ilivyo, na gari lililokufa taa moja hufanana na pikipiki. Anayeona taa moja ikija aipe nafasi ya lori.

Mtoto wa chini ya miaka kumi hivi hana uwezo wa kukadiria mwendo wa gari hata akiwa na akili nyingi darasani. Huona gari liko mbali, hajui litafika lini. Tena kimo chake humfanya asionekane nyuma ya gari dogo lililoegeshwa. Kwa hiyo kumfundisha kuvuka hakutoshi, avushwe. Penye shule za kando ya barabara, njia iliyo nyepesi ni watoto wa mtaa mmoja kukusanyika na kutembea pamoja na mtu mzima mmoja au wawili kwa zamu za wazazi, wakivukia mahali pamoja kila siku, ili hata madereva wa njia hiyo wapajue. Mtu mzima ashike mkono wa mtoto upande ulio mbali na magari. Wale wanaokwenda madrasa alasiri wasisahauliwe. Mara nyingi asubuhi mtoto husindikizwa, na alasiri hujiendea.

Waendesha baiskeli wa pwani hii ni wa namna nyingi: vijana wa madumu ya maji, wabeba mnazi kutoka Kaloleni, wachuuzi wa samaki na mikate, wabeba makuti na magunia ya makaa, wanafunzi, na watalii wanaokodi baiskeli Watamu. Hatari zao zinafanana, ila mizigo inatofautiana.

Baiskeli ni chombo cha barabarani, nayo hufuata mkondo wa magari: upande wa kushoto. Kuendesha kulia ili kuyaona magari, kama afanyavyo mtembeaji, ni kosa kubwa. Mwendo wa baiskeli hujumlishwa na wa gari, nafasi ya kukwepana hupungua, na dereva anayetoka njia ya kando hutazama upande ambao magari hutoka, hamtazamii mtu wa baiskeli kutoka upande wa pili. Mahali pazuri pa kuendesha ni nusu mita hadi mita moja kutoka ukingo wa lami. Kubana ukingoni kabisa huonekana kuwa usalama, lakini ukingo wa lami mahali pengi umeliwa, na kati ya lami na mchanga kuna ngazi. Gurudumu likishuka hapo kwa bahati mbaya, mtu hujaribu kulipandisha kwa kukata usukani, tairi hukwama kwenye ngazi, na baiskeli humtupa ndani ya barabara mbele ya lori. Aliyeshuka asipande tena akiwa mwendoni. Apunguze, asimame mchangani, ateremke, ainyanyue. Vilevile akisikia malori mawili yanapishana na nafasi haitoshi, ashuke mapema kwa hiari yake, gurudumu likiwa limenyooka, kuliko kusubiri kusukumwa.

Lori refu au trela lina sehemu ambazo dereva hazioni hata kwa vioo vyote, hasa ubavu wa kushoto karibu na kichwa cha gari na nyuma kabisa. Kwenye njia panda za Mavueni, Gede au Kibaoni, baiskeli iliyojipenyeza kushoto mwa lori linalosubiri kuingia kushoto iko mahali pabaya kuliko pote barabarani: lori likikata kona, magurudumu ya nyuma hukaribia ukingo zaidi ya yale ya mbele. Ikae nyuma na isubiri. Kipimo ni uso wa dereva kwenye kioo chake: asiyeuona ajue kwamba naye haonekani.

Kukata kulia kwenye barabara kuu, kwa mfano kutoka Mombasa na kuingia njia ya Takaungu, hakufai kufanywa kwa kuhamia katikati ya magari ya kasi. Njia ya salama ni kuendelea kushoto hadi kuipita kidogo njia panda, kusimama nje ya lami, kushuka, na kuvuka kwa miguu ukiikokota baiskeli, kwa kanuni zilezile za mtembeaji. Hupoteza dakika moja.

Mizigo ya mnazi na maji huharibu baiskeli kwa namna mbili. Uzito wa nyuma hunyanyua gurudumu la mbele, usukani unakuwa mwepesi na kuyumba, na breki hazishiki inavyopasa. Mwenye madumu manne ya lita 20 amebeba kilo 80, uzito wa mtu mzima mwingine, tena maji yakiwa hayakujaa huchezacheza na kuisukuma baiskeli kando. Madumu yajazwe hadi juu, yafungwe chini kadiri iwezekanavyo pande zote mbili za keria, kwa mpira usiolegea. Makuti na kuni zisitokeze kwa upana, maana dereva anayepita humkadiria mtu na baiskeli, hakadirii ncha za mzigo. Kwenye mteremko mkali mwenye mzigo mzito ashuke atembee. Baiskeli za Black Mamba ni imara, ila breki zake za vyuma hutaka kuangaliwa: mpira wa breki ukikwisha, kiatu hukwangua rimu na hakuna kinachosimama. Kabla ya kuondoka, breki zote mbili zibanwe, upepo uangaliwe, mnyororo upakwe mafuta, kengele ijaribiwe.

Anayebeba abiria au anayevaa nguo ndefu ajihadhari na njiti za gurudumu. Leso, buibui, shuka na mtandio vimewaangusha wengi, kwenye baiskeli na kwenye bodaboda, na wengine wamekabwa shingo. Nguo ikusanywe, ikaliwe au ifungwe kiunoni kabla chombo hakijaondoka. Mtoto aliyepakiwa nyuma awe na mahali pa kuweka miguu, la sivyo kisigino huingia kwenye njiti.

Usiku baiskeli inatakiwa iwe na taa nyeupe mbele na taa au riflekta nyekundu nyuma. Kama fedha ni ya taa moja tu, ya nyuma ndiyo inayookoa zaidi nje ya mji, kwa kuwa gari linalomfikia kwa nyuma halimjui. Riflekta zinazofungwa kwenye pedali ni rahisi na huonekana haraka kwa sababu hupanda na kushuka. Jaketi la riflekta kama la bodaboda linamfaa pia mwenye baiskeli, lakini mzigo wa nyuma ukilifunika halina kazi, basi utepe ufungwe kwenye mzigo wenyewe. Kofia ngumu ni nadra kwenye baiskeli za huku. Ni hasara, kwa kuwa mapigo ya kichwa ndiyo yanayogeuza anguko dogo kuwa msiba.

Daraja la Kilifi linataka uangalifu wake. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba na kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi, na pepo zote mbili hutoka upande wa bahari. Anayetoka mjini kwenda Mnarani yuko upande wa bahari, na upepo humsukuma kuelekea kwenye magari. Anayekuja mjini naye, basi refu likimpita humkinga upepo kwa nukta chache, kisha upepo humrudia kwa ghafla na kumyumbisha. Siku ya upepo mkali ni bora kushuka na kuikokota baiskeli kando, palipotengwa kwa waendao kwa miguu.

Jua nalo ni adui wa saa fulani. Barabara kuu inakwenda kusini na kaskazini, lakini zile zinazoingia bara, za Mavueni hadi Kaloleni, Kilifi hadi Ganze na Bamba, na Malindi hadi Lango la Sala, zinaelekea magharibi. Asubuhi dereva anayeshuka pwani hupigwa na jua machoni, na jioni hupigwa anayekwenda bara. Mtembeaji akiona kivuli chake kirefu kinaelekea kwenye gari linalokuja, ajue dereva wa gari hilo hamwoni vizuri.

Mvua za masika na vuli hufunika mashimo, huloanisha breki za rimu hadi zichelewe kushika, na huhamisha watembeaji kutoka mchangani kuja juu ya lami kwa kukwepa matope. Hapo mwavuli usiinamishwe kuziba macho. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara hii pale Mbogolo. Maji yanayopita juu ya barabara hayajaribiwi kwa miguu wala kwa baiskeli, hata yakiwa ya magotini. Kuhusu ulevi, neno moja linatosha: aliyekunywa mnazi jioni asindikizwe kwa njia za ndani, asiachiwe ukingo wa lami.

Ajali ikitokea, kwanza magari yanayokuja yaonywe, kwa matawi ya miti barabarani na mtu wa kupunga tochi, ili ajali isizae nyingine. Majeruhi asivutwevutwe isipokuwa yuko katika hatari ya moto au magari, maana uti wa mgongo ulioumia huharibiwa zaidi na wasaidizi wenye pupa. Damu inayotoka izuiwe kwa kitambaa safi kilichokandamizwa kwa nguvu bila kukifunuafunua. Leso iliyokunjwa hufaa. Asipewe maji wala chakula. Polisi hupatikana kwa 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199. Katiba, katika kifungu cha 43, inasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo hospitali haina ruhusa ya kumrudisha majeruhi kwa kukosa malipo.

Nambari ya gari iandikwe au ipigwe picha mara moja. Dereva anapaswa kisheria kusimama, na ajali iripotiwe polisi ndani ya saa 24. Jamaa wa majeruhi wahakikishe imeandikwa katika kitabu cha matukio, wachukue nambari yake, na baadaye wachukue ripoti ya polisi na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Stakabadhi zote za matibabu zihifadhiwe. Kila gari linatakiwa kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine linaowaumiza, chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na dai hufikia hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kesi ya madai hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Desturi ya kumalizana papo hapo kwa shilingi elfu chache huonekana kuwa uungwana, lakini damu inayovuja ndani ya tumbo au kichwa huweza kujitokeza siku ya pili, wakati dereva amekwisha kufika Garsen.

Mtu mmoja mmoja ana mipaka ya kujilinda. Penye watu wengi wanaovuka na magari ya kasi, dawa ni ya ujenzi: matuta, vivuko, njia za miguu, taa. Barabara kuu iko chini ya KeNHA, baadhi ya barabara za miji kama Malindi ziko chini ya KURA, za vijijini chini ya KeRRA, na nyingine ni za kaunti. Ombi likipelekwa kwa asiyehusika hulala. Barua inayosikilizwa hutaja mahali hasa kwa jina la shule au duka lililo karibu, saa ambazo watu huvuka kwa wingi, idadi ya watoto iliyohesabiwa na shule yenyewe, na ajali zilizotokea pamoja na nambari zake za polisi, na nakala hupelekwa kwa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na kwa mwakilishi wa wadi. Kufunga barabara kwa mawe na matairi baada ya msiba huleta maafisa siku hiyohiyo, ni kweli, lakini pia huleta matuta ya haraka yaliyomwagwa bila vipimo. Tuta lisilopakwa rangi wala kutanguliwa na alama ni hatari kwa bodaboda na baiskeli usiku, na yaliyochimbwa au kujengwa na wakazi wenyewe kwa mchanga na kokoto ni mabaya zaidi. Rangi ya matuta na ya milia ya vivuko hufutika kwa chumvi, mchanga na magurudumu, kwa hiyo ombi la kupakwa upya lipelekwe kila baada ya masika, na kamati ya shule iliyo jirani ndiyo inayofaa kulishughulikia kwa sababu ipo mwaka hadi mwaka.